Mpeni mwanafunzi wa saikolojia swali la kweli

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya saikolojia amekuwa na kazi moja kubwa kwenye utafiti: kupimwa. Anaitwa maabara, anajaza dodoso, anabonyeza vitufe vya kompyuta, anaongezewa alama kidogo kwenye kozi, anaondoka. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichambua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani akakuta asilimia 96 ya waliopimwa wanatoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Katika jarida mojawapo, theluthi mbili ya sampuli za Kimarekani walikuwa wanafunzi wa saikolojia watupu. Sehemu kubwa ya yale tuliyofundishwa kuhusu "binadamu" ilitoka kwa vijana wa umri wa miaka kumi na tisa, ishirini, waliokuwa wanatafuta alama.

Vijana hao hao leo ndio wanaopima, na wanapima vizuri. Naandika haya kwa sababu vyuo vyetu vya Afrika Mashariki bado havijaliamini jambo hilo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Ulaya. Shirikisho la vyama vya wanafunzi wa saikolojia la huko, EFPSA, lilianzishwa Lisbon mwaka 1987. Lina jarida lake la utafiti wa wanafunzi, lina kampeni ya kwenda shule za sekondari kuzungumza juu ya unyanyapaa dhidi ya wagonjwa wa akili, na ndani yake ulizaliwa mpango wa watafiti chipukizi unaojulikana kama JRP. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Wanafunzi wa nchi mbalimbali wanawekwa kwenye kikundi kidogo chini ya msimamizi mmoja, wanapewa swali moja, kisha kila mmoja anarudi kwao kukusanya data kwa lugha yake.

Mwaka 2020 kazi ya namna hiyo ilitoka kwenye jarida la Nature Human Behaviour, ikiongozwa na mtafiti Kai Ruggeri. Walirudia utafiti wa wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky wa mwaka 1979 kuhusu jinsi watu wanavyoamua kati ya uhakika na kubahatisha, ambao ni miongoni mwa kazi zilizomletea Kahneman Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Maswali yake ni ya aina hii: utachagua kupewa 3,000 kwa uhakika, au kubahatisha kwa nafasi ya asilimia 80 upate 4,000? Wengi walichukua 3,000 yao wakatulia. Geuza swali: upoteze 3,000 kwa uhakika, au ubahatishe kwa nafasi ya asilimia 80 kwamba utapoteza 4,000? Hapo watu wale wale waliotaka uhakika wakakimbilia bahati nasibu. Wanafunzi na watafiti wachanga wakayapeleka maswali hayo katika nchi 19, kwa lugha 13, kwa watu 4,098, na viwango vya fedha vikarekebishwa vilingane na kipato cha kila nchi. Asilimia 94 ya maswali yalirudisha mwelekeo ule ule, ingawa mara nyingi kwa nguvu ndogo zaidi. Miaka miwili baadaye mtandao huo ukafika nchi 61, safari hii ukipima jinsi watu wanavyoamua kati ya fedha ya leo na fedha ya kesho. Profesa mmoja na bajeti yake asingefika huko. Wanafunzi walifika kwa sababu ni wengi, wametawanyika, na kila mmoja anaijua lugha ya watu anaowauliza.

Wapo watakaosema hiyo ni Ulaya. Basi tuje Kenya.

Tom Osborn, Mkenya, alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale Harvard alipoanza na mwenzake Katherine Venturo-Conerly kazi iliyokuja kuwa Shamiri, mpango wa kusaidia afya ya akili ya vijana. Walichokibuni ni vikao vinne, saa moja kwa wiki, ndani ya shule ya sekondari. Wanafunzi wanakaa kikundi, wanajifunza kwamba akili na tabia ya mtu vinaweza kukua, wanaandika juu ya mambo wanayoyashukuru, wanataja yale wanayoyathamini maishani na namna ya kuyaishi. Anayeongoza kikao ni kijana wa miaka 17 hadi 21 aliyemaliza sekondari juzijuzi, aliyepewa mafunzo mafupi. Hakuna daktari chumbani.

Waliijaribu inavyotakiwa, kwa kuwagawa wanafunzi 413 kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata Shamiri, jingine likafundishwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry: makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Nikisoma matokeo hayo nawafikiria watoto wa bweni wanaolia usiku kimyakimya kwa hofu ya mitihani, na nesi wa shule mwenye panadol tu. Kwao hili ni jambo kubwa mno.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mwaka wa mwisho, darasa la wanafunzi sitini linatoa mada sitini. Kila mmoja na dodoso lake alilolitunga kwa haraka, kila mmoja na watu wake hamsini aliowapata hosteli. Halafu foleni ya steshenari, kuprinti, kubaindi kava gumu lenye maandishi ya dhahabu, nakala moja idarani, nyingine maktaba. Hakuna atakayeifungua tena. Inaniuma, kwa sababu nguvu ya vijana wale ilikuwa ya kweli, na watu waliojaza yale madodoso walitoa muda wao wa kweli.

Najua wahadhiri watasema wanafunzi watakosea. Watakosea, ndiyo. Mradi wa CREP ulioanzia Marekani, ambao huwapa wanafunzi tafiti maarufu wazirudie, ulishalifikiria hilo: kabla ya kukusanya data, kikundi kinaonyesha kibali cha maadili na kinatuma video ya jinsi kitakavyoendesha jaribio, wakaguzi waipitie kwanza. Hilo halihitaji jengo jipya. Simu yenye kamera inatosha.

Ombi langu kwa wakuu wa idara ni dogo. Chukueni PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili inatumika tayari. Je, mvuvi wa Unguja, mama wa sokoni Dodoma, mwanafunzi wa Mombasa na mchimbaji wa Lubumbashi wanayaelewa maswali yale tisa kwa namna moja? Wapeni wale sitini swali hilo moja, waandikieni wenzenu wa vyuo vingine vitatu, na muanze na muhula ujao.