Wakili wa ndoa atafutwe kabla ya baraza, na atafutwe hapa hapa

Hapa Morogoro, mtu ndoa ikimshinda njia anayopita ni ileile. Kwanza wazee wa pande mbili wanakaa. Wakishindwa, anaendewa mchungaji au shehe. Kisha baraza la kata. Siku anapoambiwa sasa nenda mahakamani, ndipo anapoanza kuuliza majirani: wakili gani mzuri kwa mambo ya talaka? Naamini swali hilo linaulizwa likiwa limeshachelewa, na kuchelewa huko kunawanyima watu, wanawake hasa, mali waliyoitolea jasho.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Shauri la kuvunja ndoa lazima lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema limeshindwa na kueleza limegundua nini. Hati hiyo ndiyo inayoambatanishwa na madai. Isipokuwepo, au ikiwa na kasoro, shauri halina miguu. Ipo misamaha: mwenza aliyetoroka na hajulikani alipo, aliyeitwa barazani akakataa kwa makusudi, aliye nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi sita, na mingine michache. Wengi wetu hatumo humo.

Sasa tazama watu wanavyokwenda barazani. Wanakwenda kama wanaokwenda kulalamika kwa shangazi. Mmoja analia habari za simu na meseji, mwingine anajibu habari za chakula kuchelewa, na yale mazito, kipigo, kutelekezwa, watoto kukosa ada, hayasemwi kwa mpangilio na hayaandikwi. Mwisho wajumbe wanaandika barua yao wenyewe: "waachane kwa amani", au "waendelee kuvumiliana". Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa, na barua ya namna hiyo si hati inayotakiwa na sheria. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka uliotokea ngazi za chini, kwa sababu hati ya baraza haikuwa halali. Waza mtu aliyehudhuria mahakama miaka kadhaa, ameshapewa hukumu, anaambiwa arudi alipoanzia. Kuna na jambo la muda pia: hati isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Nimewaona watu waliokuwa na hati nzuri kabisa, wakaiweka kabatini wakisubiri ndugu wawapatanishe, ikapitwa na wakati.

Ni kweli wakili haingii barazani kukusemea bila ruhusa ya baraza lenyewe. Sheria imeweka hivyo kwa makusudi, ili pale pabaki mahali pa kupatanisha, na mimi naiunga mkono. Lakini kukaa naye saa moja kabla ya siku hiyo hakuna anayekuzuia. Atakwambia useme nini, ubebe karatasi gani, uhakikishe hati inaandikwaje na inasainiwa na nani. Saa hiyo moja ina thamani kuliko mikutano yote mtakayofanya baadaye akijaribu kurekebisha kilichoharibika.

Ndugu watasema kumwona wakili mapema ni kutangaza vita. Hapana. Kuuliza si kushtaki. Wapo waliokwenda kwa wakili wakidhani wanataka talaka, wakaelezwa kwamba shida yao ni matunzo ya watoto, na kwamba matunzo yanadaiwa hata ndoa ikiwa bado ipo. Walirudi nyumbani na ndoa yao. Wakili asiyekuuliza hata mara moja kama mmejaribu kupatana, na anayekupandisha hasira ili ufungue shauri haraka, huyo muogope.

Kwa nini nasema wa hapa hapa? Kuna imani kwamba wakili mwenye ofisi Posta, Dar es Salaam, ana nguvu zaidi kuliko wa mkoani. Kwa mgogoro wa kampuni kubwa, labda. Kwa talaka, sikubali. Shauri la ndoa linaahirishwa mara nyingi, na kila tarehe nauli na posho ya wakili wa mbali ni juu yako. Siku akibanwa na kesi nyingine anamwomba mwenzake asimame badala yake, mtu aliyekabidhiwa faili lako koridoni asubuhi hiyo, asiyejua hata una watoto wangapi. Tangu 2021 Morogoro ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, mpaka Mahakama Kuu ipo humo. Wakili anayeingia jengo hilo kila siku analijua baraza la kata yenu linavyoandika hati, anamjua afisa ustawi wa jamii atakayeulizwa habari za watoto, na anajua shamba la Mvomero linauzwaje bila hati miliki.

Mji mdogo una hatari yake, na siifichi. Wakili uliyemfuata huenda ndiye aliyemwandikia mumeo mkataba wa kiwanja, au wanasali pamoja. Muulize mapema, bila aibu, kama amewahi kumfanyia kazi mwenza wako. Akisema ndiyo, ondoka na usimsimulie zaidi. Wala msikubali wakili mmoja awasimamie nyote wawili eti kupunguza gharama. Siku mkigombania nyumba hatakuwa wa yeyote kati yenu.

Nyumba ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo niikalie kidogo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ule ulikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake wa nchi hii. Lakini wengi wameugeuza kuwa imani kwamba mali inagawanywa nusu kwa nusu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa hakisemi hivyo. Kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, kwa fedha, mali au kazi, iangalie mila za jamii yao, madeni waliyokopa kwa manufaa ya wote na mahitaji ya watoto wadogo. Na mchango unathibitishwa. Kwa hiyo wakili anayekuahidi nusu siku ya kwanza anakudanganya. Mzuri ni yule anayekusumbua kwa maswali: risiti za saruji ziko wapi? Marejesho ya kikoba uliyonunulia mabati yameandikwa kwenye daftari gani? Mkataba wa mauziano una muhuri wa serikali ya mtaa na jina la nani? Nani alikuwa shahidi?

Huyo huyo atakwambia kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na kwamba unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Ukimwona mapema, zuio linawekwa mapema. Ukimwona baada ya baraza, unaweza kukuta mnunuzi ameshahamia.

Kuhusu watoto nitasema machache, kwa sababu hapa sheria iko wazi: kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vyema akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Wakili anayewazungumzia watoto kana kwamba ni mali nyingine ya kugawana simtaki.

Malipo yazungumzwe kabla hajaandika lolote, na yaandikwe: jumla, awamu, na nini hakimo, kama ada za mahakama au rufaa. Dai risiti. Hakikisha kwanza kwamba ni wakili kweli, maana vishoka wamejaa nje ya mahakama zetu. Jina la wakili linatafutwa kwenye orodha ya mawakili iliyo kwenye mtandao wa Mahakama, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Anayekasirika ukimuuliza habari hiyo ameshakujibu.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na Waislamu kule hupeleka mashauri ya ndoa Mahakama ya Kadhi.

Asiye na fedha asikae nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hadi vijijini, japo hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kazi ya kukuandaa kwa ajili ya baraza wanaiweza vizuri. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao wanatoa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo. Kama umeshapokea barua ya wito wa baraza, waendee wiki hii, ukiwa na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kila karatasi yenye muhuri iliyomo ndani ya nyumba yenu.