Mkuu wa TEHAMA, Njoo Utazame Hii Feni

Nina barua ya uteuzi yenye mhuri. Imeandikwa "Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA". Mke wangu aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni, na picha ya harusi ikahamia chumbani kupisha nafasi. Sasa niambieni, ndugu zangu, kwa nini kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu ya kwanza kunifikia ni ya feni?

Feni ya wodi namba tatu. Haizunguki. "Si ina waya?" sista inchaji ananiuliza. Ina waya, basi ni yangu. Hospitali hii chochote chenye waya ni cha kitengo changu: feni, birika, friji ya chanjo, hadi king'amuzi cha pale mapokezi siku watani wa jadi wanacheza. Na kitengo chenyewe ni mimi na kijana mmoja wa kujitolea anayelipwa nauli, nauli ikipatikana.

Jumatatu hii feni nikaipita, maana mapokezi wamekwama na foleni imetoka nje mpaka kwenye mwembe. Nikajua ni mtandao. Kumbe ni bibi mmoja wa watu, kajitanda kanga yake, kashika mfuko wenye karatasi za kliniki za tangu enzi, na karani wetu jasho linamtoka. Mfumo unataka tarehe ya kuzaliwa. Siku, mwezi, mwaka. Usipojaza haukupeleki popote, umeweka na kinyota chekundu cha kukutisha.

"Bibi, umezaliwa lini?"

"Mjukuu wangu, mimi nimevunja ungo mwaka wa Azimio."

Karani akanigeukia. "Bosi, Azimio nalijaza wapi?"

Azimio la Arusha ni 1967, hilo halina ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye ungo. Nilipouliza kwa sauti "tuseme miaka kumi na mitatu?", foleni nzima ikaingia kikaoni. Mzee mmoja mwenye magongo akasema wasichana wa zamani walichelewa, weka kumi na mitano. Mama mmoja nyuma yake akamuuliza yeye kayajulia wapi hayo. Mimi mwenye shahada yangu nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikapiga hesabu ya ungo wa bibi wa watu mbele ya kadamnasi. Tukasuluhishana kumi na minne. Ikatoka 1953. Siku na mwezi tukaweka tarehe 1 Julai, kama tunavyowafanyia wote wasiokumbuka. Ukiufungua mfumo wetu utadhani wilaya nzima ilizaliwa tarehe 1 Julai, waliochelewa wakasubiri tarehe 1 Januari.

Haya, jina? Mwanahamisi. Mfumo ukaleta watatu: Mwanahamisi, Mwana Hamisi, na Mwanaamisi. Kijiji kimoja, simu moja ya mjukuu, bibi huyu huyu. Kila karani aliyekuwa zamu alimsikia kwa sikio lake. Mwanahamisi wa kwanza ana presha. Wa pili ana kisukari. Wa tatu mzima wa afya, alikuja mara moja kung'oa jino. Bibi alipotuona tunabishana akauliza kwa upole, "Kwani nikipewa dawa za wote watatu kuna ubaya?"

Nikaahidi kuwaunganisha jioni. Kazi hiyo haitaki papara, ukikosea mtu anaamka na kisukari cha jirani yake. Jioni ilipofika nilikuwa juu ya ngazi, wodi namba tatu, na bisibisi mdomoni.

Jumanne madai ya bima yakarudi, rundo zima, kisa namba za magonjwa. Maana siku hizi huumwi hivi hivi, lazima uumwe kwa namba. Shirika la Afya Duniani lina orodha yake, ICD-10, kila ugonjwa una herufi na tarakimu. Malaria inaanzia B50 hadi B54. Hiyo B54 ni malaria ambayo aina yake haikubainishwa, na dokta wetu ana mapenzi nayo ya dhati. Maabara wameandika kabisa falsiparamu, ambayo ni B50, yeye B54. Nikamfuata kwa adabu. "Mkuu," akaniambia, "vidole vimeshazoea."

Hata sijatoka mlangoni akaniita. "Hebu nisaidie. Huyu kijana kaangukiwa na nazi. Ni namba ngapi?"

"Dokta, mimi nimesomea kompyuta."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Namba si zimo kwenye kompyuta?"

Nikakaa. Kijana wa watu yuko kitandani, kichwa kimevimba upande mmoja kama kidafu, ananitazama mimi kwa matumaini. Kichwa chenyewe nilikipata, majeraha ya kichwa yanaanza na S. Sababu ndiyo ikanitoa jasho. Kuna W20: kupigwa na kitu kilichorushwa au kilichoanguka. Wametaja jiwe, wametaja mti, wametaja jengo kuporomoka. Nazi hawakuiandika. Makao yao yako Geneva, na Geneva hakuna minazi, sikuwalaumu. Nikajaza W20. Dokta akatikisa kichwa, "Na ingekuwa dafu?" Kijana naye akauliza kama sasa ugonjwa wake umeshajulikana, apewe panadoli.

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane, simu. Wodi ya wazazi mfumo umekufa kabisa. Nikavaa suruali juu ya pajama, nikapanda bodaboda kwa elfu tatu ya mfukoni mwangu ambayo mhasibu ataniambia nilete risiti. Nafika, nafuata waya ukutani kwa tochi ya simu: swichi ya mtandao imechomolewa, imelazwa chini kama maiti, na kwenye soketi yake imechomekwa hita. Hita imo ndoo. Ndoo inatokota.

"Sista, nani kachomoa huu waya?"

"Mimi. Mzazi kajifungua mapacha, anataka maji ya moto. Nimwogeshe na intaneti?"

Sina jibu mpaka leo. Nikasubiri maji yachemke, nikachomeka waya wangu, na yale mapacha nikapewa niyaone. Mazuri kwa kweli.

Lakini nikiwa pale nikaona jambo jingine. Juu ya kioo cha kompyuta kuna kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, na juu yake pasiwadi kwa kalamu ya wino. Wodi nzima inaingilia akaunti moja, ya sista mmoja aliyestaafu mwaka juzi. Mama wa watu yuko Muheza na machungwa yake, lakini kwenye mfumo hajawahi kukosa zamu. Anachoma sindano usiku, mchana anapima presha, sikukuu hapumziki. Ningekuwa afisa utumishi ningempandisha daraja.

Asubuhi nikaandika dokezo kali. Nikawakumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, siyo mzaha, siri za wagonjwa zina mwenyewe. Nikabadilisha pasiwadi. Nilipopita jioni dokezo langu limebandikwa ukutani, kwa plasta, na chini ya saini yangu kuna mtu kaandika pasiwadi mpya.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha "Hospitali Bila Karatasi". Nilitoa nakala arobaini za ajenda, printa ikatafuna sita. Mganga mfawidhi akataka tuwe na kitu cha kuonyesha wageni wa mkoani, nami kwa kujipendekeza nikasema mfumo unaweza kuwatumia ujumbe wa simu wanaume wote waliovuka miaka 50 waje kupima tezi dume, wenyewe bila mtu kubonyeza. Wakanipigia makofi. Nikala sambusa mbili kwa raha.

Ijumaa saa sita na nusu umeme ukakatika. Jenereta tunalo, dizeli tunayo. Funguo wa chumba cha jenereta uko mfukoni mwa mlinzi, na mlinzi yuko msikitini, safu ya mbele. Nani atamfuata? Betri za serva zikapiga pii pii, pii pii, zikanyamaza. Nikasimama mapokezi kama mtu aliyefiwa.

Hapo ndipo mzee wetu wa masijala akainuka. Hakusema neno. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha MTUHA, rejista ya kuandikia wagonjwa kwa mkono, kile kipana kama mkeka wa kulalia, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akalamba kidole, akafunua. Foleni ikaanza kutembea. Nawaambia ilitembea! Yule bibi wa Jumatatu akaingia kwa kliniki yake, na kabla hajafika dirishani mzee akapaza sauti, "Shikamoo Bi Mwanahamisi. Presha na sukari, siyo? Na lile jino?" Faili la kijani likatoka rafu ya tatu bibi hata hajakaa kwenye benchi. Kisha mzee akanitazama juu ya miwani yake. Hakusema kitu, na bora angesema.

Sasa kilichoandikwa kitabuni lazima kiingizwe kwenye mfumo, na Jumamosi ndiyo ilikuwa zawadi yangu. Mimi na kijana wangu, kitabu katikati, chapati na maharage pembeni. Nusu ya siku ile aliandika mzee, nusu akaandika dokta mwenyewe, na mwandiko wa dokta ni kama kuku katoka kwenye wino akaenda kwao. Nilisoma mpaka macho yakaniwasha, nikamwachia kijana mistari ya mwisho. Nilimsikia akinong'ona, "M. Hamisi... M. Hamisi... ME au KE?" Alama ya vema imekaa katikati kabisa. Nikamwambia aende, tumalize, mechi inaanza.

Jumapili nimekaa kibarazani, chini ya fremu ya barua yangu kwa upande wa ndani, simu ikaita. Namba ngeni. Nikajua feni.

"Samahani kaka, wewe ndiye mkuu wa kompyuta hospitali? Mimi mjukuu wa Bi Mwanahamisi. Bibi kaletewa ujumbe hapa kwenye simu yangu, kesho saa mbili aje kupimwa tezi dume."

Nikafumba macho.

"Mwambie bibi..."

"Yuko hapa hapa anakusalimu. Anauliza, aje bila kula?"