Jumba la kwata la Kingsbridge: je, ni wakazi walioliacha tupu?

Kila linapotajwa jumba la kwata (mazoezi ya kijeshi) la Kingsbridge, huko Bronx, New York, lawama huwa ileile: mwaka 2009 mwekezaji alitaka kuligeuza kuwa jumba la maduka, wakazi wakampinga kwa sababu ya mshahara wa watakaofanya kazi humo, na ngome nzima imebaki tupu kwa ukaidi wao. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini imeruka nusu ya habari.

Jengo hilo lilijengwa kati ya 1912 na 1917 kwa ajili ya wanamgambo wa jimbo, kwa michoro ya Pilcher na Tachau. Mbele ni ukuta wa matofali mekundu na minara miwili ya duara, kila mmoja umevikwa paa lililochongoka kama pia. Nyuma ya ukuta ndiko uliko ukumbi wenyewe: takriban futi za mraba 180,000, viwanja viwili vya mpira na ziada, bila nguzo hata moja katikati. Uzito wote wa paa umebebwa na kenchi za chuma, kwa kuwa safu ya askari inayogeuka kwa amri moja haiwezi kupishana na nguzo.

Sura ya ngome nayo ina asili yake. Majumba ya namna hii yalizagaa katika miji ya Marekani baada ya mgomo mkubwa wa reli wa 1877, wakati matajiri waliowahofia vibarua wao walipotaka wanamgambo wawe karibu. Kingsbridge lilikuja baadaye, lakini lilirithi umbo lilelile. Kwa hiyo mabishano ya mshahara mbele ya kuta hizo si jambo geni hata kidogo.

Jiji lilikabidhiwa jengo mwaka 1996. Mradi wa maduka ulipokuja ulikuwa wa zaidi ya dola milioni 300, ndani ya mali ya umma na kwa nafuu ya kodi. Wakazi, makanisa na vyama vya wafanyakazi hawakusema maduka yasijengwe. Walisema kila atakayefanya kazi humo alipwe angalau dola 10 kwa saa pamoja na marupurupu, wakati kima cha chini cha kisheria kilikuwa dola 7.25. Mwekezaji akakataa, akidai wenye maduka hawatapanga kwa sharti hilo. Baraza la Jiji likaukataa mradi kwa kura 45 kwa 1, na Meya Michael Bloomberg alipotumia kura ya turufu, likaipindua kwa kura 48 kwa 1.

Hebu tuitazame hiyo tofauti ya dola 2.75. Kwa wiki ya saa 40 ni dola 110. Kwa mama anayepanga chumba Bronx, hizo ndizo zinazoamua kama kodi italipwa au mtoto atapelekwa hospitali. Wakazi waliambiwa madai hayo yataua ajira. Lakini mwisho wa 2016 kima cha chini cha Jiji kwa waajiri wakubwa kilikuwa kimefika dola 11, na mwisho wa 2018 dola 15. Kilichoitwa ndoto mwaka 2009 kikawa chini ya kima cha kisheria kabla ya miaka kumi kupita.

Wanaowalaumu wana hoja moja nzito, na siipuuzi. Mwaka ule wa 2009 zaidi ya asilimia 10 ya wenye nguvu kazi wa Bronx hawakuwa na ajira. Aliyekuwa hana kazi kabisa hakufaidika na dola 15 za miaka tisa baadaye, alihitaji 7.25 siku ileile.

Ila tusimbebeshe mkazi kila kilichofuata. Mwaka 2013 uliidhinishwa mradi wa viwanja tisa vya barafu, na wawekezaji wake walitia saini makubaliano na wakazi yenye sharti lilelile la mshahara. Mradi huo ulikufa kwa kukosa mtaji. Mshahara haukuwa kikwazo tena, na milango ikabaki imefungwa vilevile.

Mwaka 2025 Jiji lilimchagua mwekezaji mwingine, mwenye mpango wa ukumbi wa maonyesho wa watu 17,000 chini ya kenchi zilezile. Safari hii maoni ya wakazi yalikusanywa kwanza, ndipo mwekezaji akatafutwa.