Glee hawakuwa wanakili tu

Ndugu mwandishi, makala nimeisoma yote, ila hapo uliposema albamu za Glee, ile tamthilia ya Kimarekani ya televisheni kuhusu kwaya ya shule, zilikuwa njia ya kuchuma pesa kwa nyimbo za watu, hapana, sikubaliani nawe hata kidogo. Ni kweli "Don't Stop Believin'", uliowatoa mwaka 2009, ni wa bendi ya Journey wa mwaka 1981. Lakini hebu sikiliza ule mwanzo wao: pale Journey walipoweka kinanda, hawa wameweka sauti za kwaya, "da da da", halafu Cory Monteith, mmoja wa waigizaji wao, anaingia taratibu. Huko ni kuunda upya, wala si kunakili. Tena nyimbo zilitoka kila msimu bila kupoa, ndiyo maana Februari 2011 walimpita Elvis Presley kwa idadi ya nyimbo zilizoingia Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani. Na wimbo "Loser Like Me" ulitungwa kwa ajili yao.

Monteith alipofariki Julai 2013, mwigizaji mwenzake Lea Michele alimwimbia "Make You Feel My Love" kwenye sehemu ya Glee ya kumwomboleza. Mimi na dada yangu tuliusikiliza kwenye simu moja, kila mmoja na hedifoni sikio moja, na wote tulilia.