Jumong alikuwa anajibizana na Beijing

Kama ulikuwepo Tanzania enzi za sizoni za Kikorea, Jumong unamjua. Alitufikia kwa CD kutoka vibanda vya kukodisha, mara nyingi sauti ya DJ ikiwa juu ya picha, inatufafanulia kwa Kiswahili nani ni nani. Tulimwona kijana mzembe wa ikulu ya ufalme wa Buyeo akigeuka mpiga upinde hodari, kisha mfalme. Tukashangilia, tukarudisha CD, tukachukua nyingine. Mimi nilichelewa sana kutambua kwamba tamthilia ile ilikuwa jibu, na swali lenyewe sikuwa nimelisikia.

Swali lilitoka China. Mwaka 2002 wanazuoni wa taasisi ya serikali huko Beijing walianza mradi mkubwa wa historia ya mikoa ya kaskazini-mashariki. Humo Goguryeo, ufalme ambao kwa mapokeo Jumong aliuanzisha mwaka 37 KK, ulielezwa kuwa dola la pembezoni la China yenyewe. Kwa Wakorea huo ni mmoja wa falme tatu walizotokana nazo. Mwaka 2004 Wizara ya Mambo ya Nje ya China ikaifuta Goguryeo kwenye maelezo ya historia ya Korea katika tovuti yake, na Korea Kusini ikachemka. Mwaka huohuo UNESCO iliorodhesha mabaki ya Goguryeo kuwa urithi wa dunia kwa mafungu mawili: yaliyo China, na yaliyo Korea Kaskazini.

Mei 2006 kituo cha MBC cha Korea Kusini kikaanza kurusha Jumong, vipindi 81. Ndani ya mwaka huo SBS na KBS nao walileta tamthilia zao za mashujaa wa Goguryeo. Vituo vitatu vikubwa kwa mpigo! Mimi siamini kwamba ilitokea tu.

Itazame upya ukiwa na habari hizo. Adui ni Han, himaya ya China. Wakimbizi wa Gojoseon, dola la kale la Wakorea lililoangushwa na Han mwaka 108 KK, wananyanyaswa tangu mwanzo. Jeshi la Damul linabeba jina lenye maana ya kurejesha ardhi iliyopotea. Halafu yupo Mopalmo, yule mhunzi anayehangaika na tanuru usiku na mchana akitafuta siri ya panga za Han. Zamani nilizichukua sehemu zake kama mapumziko kati ya vita. Leo naziona ndiyo moyo wa hadithi: mdogo hawezi kusimama mbele ya mkubwa mpaka ajue kufua chuma chake mwenyewe.

Wakorea nao wana siasa zao humo. Samguk Sagi, kitabu cha historia cha mwaka 1145, kinasema Jumong alitoka kwenye yai. MBC waliliondoa yai, wakampa baba mpiganaji wa ukombozi. Kumbukumbu za zama zile ni chache mno, na pengo lililobaki lilijazwa na hasira za 2006. Pyongyang pia inamdai: kaburi linalosemwa ni lake lilijengwa upya huko mwaka 1993.

Wapo watakaosema burudani ni burudani. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili. Machi 2013 Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja. Rais wa nchi kubwa namna ile hatumii dakika za hotuba yake kwa kitu anachokiona ni cha kupitishia jioni.

Ombi langu ni kwa wanaotutafsiria, kwa sababu nawaheshimu na najua tunavyowasikiliza. Ma-DJ wetu walizoea kutueleza hata lile ambalo mhusika hajalisema. Jeshi la Han likitokea tena kwenye kioo, tuambieni ni la nani, na tamthilia ilitengenezwa mwaka gani.