Mjomba, Hii Keki Ina Mchanga

Keki yangu ya kwanza isiyo na ngano ilihukumiwa na mtoto wa miaka saba. Aling'ata, akatafuna polepole, akaacha kutafuna, akaniangalia kwa huruma kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mjomba," akasema, "hii keki ina mchanga."

Hakukosea. Nami nilikuwa nimeonja jikoni nikajidanganya kwamba ni iliki haijasagika vizuri.

Mpwa wangu alikuwa amegundulika na ugonjwa wa siliaki miezi miwili kabla ya hapo. Aliyewahi kulea mtoto mwenye tumbo lisiloeleweka anaijua safari ile: dawa ya minyoo, kipimo cha malaria, dawa ya minyoo tena, halafu jirani anakuja kukunong'oneza kwamba mtoto kapigwa jicho. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono kama njiti za kiberiti, na kila asubuhi tunamkalisha mbele ya chapati mbili na chai ya maziwa ili apate nguvu. Kumbe chapati ndiyo iliyokuwa ikimmaliza, na sisi tunamwongezea.

Gluteni ni protini ya ngano, ile inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Imo pia kwenye shayiri na kwenye nafaka iitwayo rai. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana nayo huushambulia utumbo mwembamba, vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinasinyaa, mtoto anakula lakini chakula hakimfiki. Kidonge hakuna. Dawa ni kuiacha, maisha yote. Na "kuiacha" kwenye nyumba ya Kiswahili ni neno zito: chapati, maandazi, sambusa, kaimati, tambi za Idi, mkate wa asubuhi. Mtoto akaanza kuogopa sherehe. Kwenye karamu ya akika ya mtoto wa jirani alipewa ndizi mkononi wenzake wakila keki, akarudi nyumbani nayo ile ile haijamenywa. Siku hiyo ndipo mimi, niliyekuwa sijawahi kuvunja yai kwa ajili ya keki, nikasema nitajifunza kuoka.

Kosa langu lilianzia dukani. Nilikwenda supamaketi moja mjini nikanunua unga wa pakiti ulioandikwa kwa lugha tatu kwamba hauna gluteni. Kwa bei ya kilo ile ungenunua mchele wa kulisha nyumba siku kadhaa. Nilipofika nyumbani nikageuza pakiti nisome kilichomo: unga wa mchele, wanga wa viazi, wanga wa muhogo, gundi ya zanthani. Nikacheka peke yangu. Mimi mtu wa Tanga nimeulipia nauli ya meli mchele na muhogo.

Na ule unga ndio uliotoa mchanga.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele wa mchana. Nikamlalamikia, pakiti mkononi. Hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo. "Kwani mkate wa kumimina una ngano?" akaniuliza.

Swali hilo lilinitia aibu kuliko mchanga. Mkate wa kumimina nimeula tangu sijaota meno: mchele, tui zito, hamira, sukari, iliki, mayai. Unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, moto chini kidogo, makaa juu ya mfuniko, unatoka mwekundu juu na vitundu vitundu ndani kama sega la nyuki. Haukuwahi kuwa na ngano. Vibibi navyo ni mchele. Vitumbua ni mchele, au ndivyo nilivyodhani, nitalirudia hilo. Pwani nzima imekuwa ikioka bila gluteni tangu enzi za mabibi zetu, ila hawakuwa na sababu ya kuliandika jambo hilo kwenye pakiti.

Hapo ndipo nilipopata msimamo ninaoutetea leo, na najua wapo watakaonipinga. Keki nyingi zisizo na ngano zinakuwa mbaya kwa sababu mwokaji bado anailia ngano. Anachukua keki ya ngano, anaitoa ngano, kisha anaanza kuziba pengo kwa gundi na poda, na kila anayeonja anaonja lile pengo. Sasa anza na kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha mchele, ukipeleke kwenye vikombe vya keki, ukitie matunda. Hapo hakuna pengo. Mafini zangu ninazozioka sasa, yaani vikeki vya vikombe, ni watoto wa mkate wa kumimina, na hawana haja ya kufanana na keki ya dukani.

Tuje kwenye mchanga. Mchele uliosagwa mkavu hubaki na chembe ngumu ambazo hazipati muda wa kulainika katika dakika ishirini za moto. Mama haloweki mchele usiku kucha kwa sababu ya mazoea tu. Punje iliyolala majini inasagika laini kama uji. Kwa hiyo siku hizi sinunui unga kabisa. Nalowesha gramu 220 za mchele, tena chenga za bei ya chini, usimwage pesa kwenye mchele wa Kyela ambao ungekula kwa harufu yake. Asubuhi nauchuja hadi maji yaishe kudondoka, nautia kwenye blenda na tui zito, kiasi cha mililita 120, mayai mawili, sukari gramu 100 na mafuta robo kikombe na ushei. Nasaga. Nazima, nachovya vidole viwili na kuvisugua. Ukihisi chembe, saga tena. Mpwa wangu ndiye mkaguzi wa hatua hii, anasugua vidole vyake macho ameyafumba kama mnunuzi wa vitambaa.

Ndizi mbivu tatu naziponda kwa uma, sizisagi, kwa sababu napenda mabonge yaonekane. Zinafaa zile ambazo ganda limepata madoa meusi na mwenye duka anaona haya kukuuzia. Kisukari ndiyo bora kwangu, ila ni ndogo, utahitaji tano au sita. Ndizi inafanya kazi mbili: inatia utamu, na inasaidia kushikanisha rojo ambalo halina gluteni ya kulishika. Mayai yanashika sehemu nyingine. Naongeza vijiko vitano au sita vya kanfulawa (wanga wa mahindi), chumvi chembe, iliki, na vijiko vidogo viwili na nusu vya beking pauda. Soma pakiti ya beking pauda kwanza, ziko zinazochanganywa na wanga wa ngano.

Wanaojua kuoka mafini za ngano watakuambia usikoroge sana, zitakuwa ngumu. Ni kweli kwa ngano, maana ukikoroga unaivuta gluteni. Hapa hakuna cha kuvutwa. Koroga utakavyo, mpe mtoto mwiko akoroge mpaka achoke. Katika mambo yote ya uokaji huu, hili ndilo linalonipa raha zaidi.

Rojo liwe zito kiasi cha kudondoka kijikoni kwa uvivu. Likiwa jepesi, vipande vya matunda vinazama vyote chini na unapata keki yenye soli. Liache litulie dakika kumi, jaza vikombe robo tatu, kisha oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 22 hadi 25. Zinatoka kumi na mbili. Asiye na oveni atumie sufuria nzito, mchanga mkavu chini, makaa juu ya mfuniko. Nimejaribu, zinaiva, ila za pembeni zinaungua kidogo upande mmoja na nyumbani kwetu ndizo zinazogombewa.

Matunda mengine kila moja lina tabia yake. Embe dodo lililoiva kabisa lina maji mengi, likate vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi na uviviringishe kwenye kanfulawa kavu. Nanasi mbichi usithubutu kulitia lilivyo, litakutolea keki yenye madimbwi. Likate, litie kwenye kikaango na kijiko cha sukari, lichemke mpaka maji yakauke na ncha zianze kuwa za kahawia. Tende haina shida yoyote, ni tunda la heshima.

Ndizi ina historia ya ajabu na ugonjwa huu. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alieleza jinsi alivyowatibu watoto wa siliaki kwa kuwalisha ndizi. Watoto waliokuwa wanakauka wakanawiri, na kwa miaka mingi madaktari wakaamini kwamba ndizi ina dawa. Dawa haikuwa kwenye ndizi. Lishe yake ilikuwa imeuondoa mkate, basi. Ikabidi ije vita. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu wanakufa njaa, ngano haionekani, na daktari Willem Dicke, ambaye alikuwa ameshaishuku ngano tangu miaka ya 1930, anaona watoto wake wa siliaki hali zao zinakuwa afadhali wakati nchi nzima inadhoofu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Alitoa tasnifu yake mwaka 1950. Nikiponda kisukari asubuhi humkumbuka yule Haas: alishika mkia wa jambo akadhani ni kichwa, lakini watoto walipata nafuu.

Sasa vitumbua. Mtaani kwetu yuko mama anayepika vitumbua vitamu, nami nikawa nampelekea mpwa wangu nikijua ni mchele mtupu. Tumbo likaanza tena. Nikaenda kumuuliza kwa adabu, "Shikamoo mama, hivi kwenye vitumbua unatia na ngano?" Akanijibu bila kusita, "Marahaba. Kijiko tu baba, cha kushikia." Sina cha kumlaumu, wapishi wengi wanafanya hivyo. Lakini kijiko kimoja cha unga wa ngano kina gluteni ya miligramu mia kadhaa, wakati kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa hakina gluteni hakitakiwi kuvuka miligramu 20 kwa kilo nzima. Tena karai lile lile ndilo alilokaangia maandazi alfajiri.

Ndiyo maana nasema hatari kubwa haiko kwenye mapishi, iko kwenye vyombo. Mashine ya kusaga ya mtaani ni mfano mzuri. Ukipeleka mchele wako safi, aliyekutangulia amesaga unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ulezi, na ngano ndani yake. Kilo yako ya kwanza inatoka na mabaki yake. Blenda ya nyumbani imenitoa kwenye tatizo hilo bila kugombana na mtu. Chekecheo nalo, lile la matundu madogo, huwezi kulisafisha ukalimaliza, mpwa wangu ana lake lenye alama ya uzi mwekundu. Mwiko wa mbao vivyo hivyo. Dada yangu aliona nimezidi. Siku alipotumia chekecheo la chapati kwa haraka na mtoto akakesha anatapika, alikwenda mwenyewe sokoni kununua uzi mwingine.

Neno moja kwa wenzangu walioacha ngano kwa sababu wameona mtu mtandaoni kapungua kiuno. Kula upendacho, lakini usiniambie mafini hizi ni za kupunguza mwili. Zina sukari, mafuta na tui. Mchele si saumu. Na kama unahisi kweli kwamba ngano inakudhuru, usiiache kabla ya kwenda kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta alama za mwili unaopambana na gluteni. Ukiwa umeshaiacha kwa miezi, alama zinafifia na majibu yanaweza kukuambia mzima wakati si mzima. Nenda unakula, upimwe, ndipo uache.

Mafini hizi zina kasoro, sitawaficha. Siku ya pili zinakakamaa, mchele ndivyo ulivyo, wali wa jana shahidi. Zipashe kwa mvuke au kwenye kikaango chenye mfuniko na zitalainika, au zigandishe siku hiyo hiyo zilipopoa. Nyumbani kwetu shida hiyo ni ya nadharia.

Mwezi uliopita mpwa wangu alitimiza miaka tisa. Alitaka mafini za fenesi, kwa sababu fenesi limeiva nyuma ya nyumba na yeye ndiye aliyeligonga gonga kila siku kusikiliza. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza harufu ilifukuza wageni, mara ya pili utelezi wake ukazuia rojo kuiva katikati. Mara ya tatu nilizikausha nyama zake juani kutwa nzima kwanza, nikapata kitu kinachoelekea. Mkaguzi ameonja, amefumba macho, amesema nipunguze sukari.