Niambie kwanza tumemuuzia nani

Kazi nilianzia Busia, upande wa Uganda, kwenye stoo ya mahindi ya mzee mmoja ambaye hakuwa na kipimo cha unyevu. Kipimo chake kilikuwa meno. Mzigo ukifika anachoma gunia kwa bambo, punje zinamwagika kiganjani, anatia moja mdomoni na kuibana kwa magego. Ikilia "ka!", makuli wanaanza kubeba. Ikinyamaza, mwenye mzigo anaambiwa akaanike upya. Tulikuwa na makuli kumi na kitu, mama wa chai, na karani mmoja, yaani mimi, niliyepewa kazi kwa sababu ya mwandiko. Mahindi yalikwenda Kenya, mengine Juba, Sudan Kusini. Msomi wa chuo kikuu hakuwahi kuja kuomba kazi pale, na angekuja, angepewa ipi?

Baadaye nikahamia Jinja, kiwanda cha minofu ya sangara. Siku ya kwanza nilivishwa gambuti na kofia ya wavu, nikakanyaga maji ya klorini ndipo nikaruhusiwa kuingia. Ndani nikamkuta binti anachoma samaki kwa kipimajoto na kuandika namba, anahamia mwingine, anaandika tena. Alikuwa amesomea sayansi ya vyakula. Nyuma yake kulikuwa na maabara, mkuu wa ubora, na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa nyaraka. Nikajiuliza, huyu samaki ana nini ambacho mahindi hayana? Jibu ni mlaji wake. Yuko Ulaya, ana pesa, na haonji kabla hajajua.

Ndiyo maana serikali inapotangaza mauzo ya nje yamepanda, mimi huuliza tumemuuzia nani. Tumezoea kuhesabu dola kana kwamba zote huzaa ajira za namna moja. Wachumi Irene Brambilla, Daniel Lederman na Guido Porto waliligusa hilo katika utafiti wao wa 2012 kuhusu viwanda vya Argentina. Januari 1999 Brazili ilishusha thamani ya sarafu yake, na viwanda vya Argentina vilivyozoea kuiuzia vikalazimika kusaka wateja kwingine, vingine kwenye nchi tajiri. Waliohamia huko ndio walioajiri watu wenye ujuzi zaidi na kulipa mishahara mikubwa zaidi. Kuuza nje peke yake, popote pale, hakukuleta badiliko hilo.

Sisi tulilijua hilo kwa machungu. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilitufungia samaki mara kadhaa: mara salmonela, mara kipindupindu, mara hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia ziwani. Viwanda vilisimama na watu wakarudi vijijini. Mlango ulipofunguliwa tena, waliorudi wa kwanza kazini hawakuwa wakataji minofu peke yao. Yule binti wa kipimajoto ni mtoto wa marufuku ile.

Wapo watakaosema basi tuachane na Juba, na Bunia ya Kongo, tuwafuate matajiri. Sikubaliani nao. Jirani analipa haraka, hadai karatasi ishirini, na ndiye anayemlisha kuli asiyejua kusoma. Kiwanda kikipanda daraja, kina mama waliokuwa wakinunua samaki mwaloni hubaki kugombea mifupa. Hilo nimeliona, na huwa haliandikwi kwenye ripoti.

Tena tajiri mwenyewe hatoshi. Tazama kahawa. Italia ni mteja wetu mkubwa na si maskini, lakini kahawa yetu nyingi inaondoka ikiwa mbichi, ya kijani. Kinachohitaji ujuzi hapa ni kupanga madaraja na wale waonjaji wachache wanaofyonza kahawa kwa kijiko na kutema. Kukaanga, kusaga, kufungasha na kubuni jina la kuvutia ni ajira za huko. Sasa sheria ya Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kahawa ijulikane imetoka shamba lipi hasa. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila vijana wenye simu wameshaanza kuzunguka mashambani kuchukua alama za ramani. Hiyo nayo ni kazi ya msomi, na imeletwa na mnunuzi.

Narudi kwa mzee wangu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ile tunayoiita aflatoksini. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya sehemu 10 katika bilioni moja. Mzee akanipigia simu.

"Mwanangu, eti wanataka karatasi ya ukungu. Ukungu una karatasi?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, siku hizi unayo."

"Na meno yangu?"

Nilikosa la kumjibu. Meno yake yanasikia unyevu, tena vizuri, lakini sumukuvu haina sauti. Baada ya miezi kadhaa alimwajiri kijana mwenye diploma. Nilipopita stoo nilikuta mashine mezani imefunikwa kitambaa kama redio ya wageni, na mahindi yamegawanywa mafungu mawili. La Kenya liko juu ya chaga za mbao, kila gunia na namba yake. La Juba liko sakafuni, na pale bado meno yanatawala. Kijana alinichekea: hata la Kenya mzee huling'ata kwanza, eti kuhakikisha mashine haijakosea. Alikuwa na hamu ya kupima yote mawili, ila mzee haoni sababu ya kugharamia asichodaiwa. Simlaumu. Kama mnunuzi haulizi, mshahara wa mpimaji utatoka wapi?

Halafu 2023 Sudan Kusini nayo ikazuia malori yetu ya mahindi na unga mpakani, kwa sababu ileile. Nchi isiyo na utajiri wowote wa kutisha, na imeuliza. Nilimpigia mzee kumpa habari, nikakuta anazo tangu asubuhi.

"Mwanangu," akasema, "huyu kijana ni mmoja tu. Hana mwenzake waliyesoma naye?"